Mlio Uliokatwa Kichwa: Ala za Nyuzi katika Historia ya Muziki wa Elektroniki

Mlio wa uzi una sehemu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni pigo: kidole kinauvuta uzi wa gitaa na kuuachia, nyundo ya piano inaugonga, au singa za upinde wa fidla zinaunasa. Sehemu hii hupita upesi mno, ndani ya sehemu chache za mia za sekunde, nayo imejaa kelele: mkwaruzo wa ukucha, mgoto wa mbao, vishindo visivyo na sauti maalumu. Ya pili ni mlio wenyewe, pale uzi unapotulia katika mtetemo wake na kutoa sauti ya msingi pamoja na sauti za juu zinazoandamana nayo. Katika uzi uliovutwa au kugongwa, zile za juu hufa mapema na ya msingi hudumu, ndiyo maana mlio huanza ukiwa mkali na kuishia ukiwa laini. Sikio hutegemea sana sehemu ya kwanza ili lijue kilichopigwa ni nini. Pigo likiondolewa, hata mwanamuziki mzoefu anaweza kulichukulia gitaa kuwa filimbi, na piano kuwa kinanda cha mvukuto.

Historia ya muziki wa elektroniki uliotengenezwa kwa kurekodi ala za nyuzi ni, kwa sehemu kubwa, historia ya njia za kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Vyombo vimebadilika kutoka santuri hadi mkanda wa sumaku, na kutoka mkanda hadi kompyuta, lakini kila kizazi kimelirudia tendo lile lile kwa kisu chake.

Santuri zilikuwapo tangu mwisho wa karne ya 19, ila kwa miongo kadhaa zilitumika kuhifadhi muziki tu, si kuuzalisha. Mnamo Juni 1930, katika tamasha la muziki mpya mjini Berlin, Paul Hindemith na Ernst Toch waliwasikilizisha watu vipande vilivyotungwa kwa ajili ya santuri yenyewe. Hindemith, ambaye alikuwa mpigaji hodari wa viola, alirekodi uimbaji katika kipande kimoja na ala katika kingine, akazichezesha santuri hizo kwa kasi tofauti, na kuyarekodi matokeo upya. Sauti zilipanda na kushuka kuliko uwezo wa koo au ala yoyote. Jaribio hilo halikupata mfuasi wa haraka, na sababu mojawapo ni ya kiufundi: mfereji wa santuri haukatwi ukaungwa tena.

Miaka 14 baadaye, jijini Cairo, kijana wa Kimisri aliyeitwa Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine iliyorekodi sauti kwa sumaku juu ya waya wa chuma. Aliibeba hadi kwenye ngoma ya zaari, sherehe ya wanawake ya kutibu waliopagawa, akarekodi uimbaji wao, kisha akarudi studio na kuanza kuzipunguza sauti za msingi hadi zikabaki zile za juu pamoja na mwangwi wa chumba. Kazi hiyo ya mwaka 1944 haikutokana na nyuzi, lakini inastahili nafasi katika simulizi hii kwa jambo moja: El-Dabh aliisikia rekodi kama jiwe la kuchonga, naye aliisikia hivyo barani Afrika kabla studio za Ulaya hazijaanza kazi kama hiyo. Vitabu vingi vya historia ya muziki vilimpita kimya kwa muda mrefu. Kimya hicho kilikuwa kosa.

Mahali palipofanya kazi hii kuwa taaluma ni Paris. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya taifa ya Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1910, alianza mwaka 1948 kuzifanyia majaribio santuri za studio yake. Uvumbuzi wake wa aina mbili ndio msingi wa mengi yaliyofuata. Wa kwanza ulikuwa mfereji uliofungwa: sindano ya kuchonga santuri iliachwa ijirudie juu ya njia yake, hivyo kipande kidogo cha sauti kikajizunguka bila kikomo. Santuri ikienda mizunguko 78 kwa dakika, kitanzi hicho huchukua takribani robo tatu ya sekunde. Wa pili ulikuwa kengele iliyokatwa. Schaeffer alirekodi kengele huku njia ya sauti ikiwa imefungwa, akaifungua baada tu ya pigo kupita. Mlio uliobaki ulifanana na wa ala ya kupuliza. Kengele si uzi, lakini Schaeffer alielewa mara moja kwamba kanuni hiyo inahusu kila kitu kinachogongwa kikalia.

Tarehe 5 Oktoba 1948 redio ilirusha hewani tungo zake tano fupi zilizotokana na kelele. Iliyopata jina zaidi ni ile ya treni, na ndiyo inayotajwa kila mara. Kwa mada hii, hata hivyo, mbili nyingine ndizo zenye uzito: zilitengenezwa kutokana na piano iliyopigwa na Pierre Boulez, wakati huo kijana wa miaka 23. Piano ina kibodi, lakini ndani yake ni sanduku la nyuzi zaidi ya 200, na Schaeffer aliitumia kwa sababu hiyo hasa. Alizigeuza rekodi nyuma mbele, akaondoa mapigo, akafunga vitanzi. Sauti ikigeuzwa, kufifia kunakuwa kukua: mlio unaibuka polepole kutoka kimya, unavimba, kisha unakatika ghafla pale pigo lilipokuwa. Hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kuupiga uzi ukalia hivyo.

Mkanda wa sumaku ulipoingia katika studio hiyo mwaka 1951, kisu kikawa kisu cha kweli. Mkanda hukatwa kwa wembe, huungwa kwa gundi, na urefu wake hupimwa kwa rula. Fundi Jacques Poullin alimuundia Schaeffer mashine kadhaa za kuuchezea. Mojawapo, fonojeni, ilikuwa na kibodi ya vitufe 12; kila kitufe kiliendesha kitanzi cha mkanda kwa kasi yake, hivyo mlio mmoja wa uzi uliweza kupigwa kwa ngazi zote za oktavu. Mashine hizo zote zilibanwa na sheria moja isiyokwepeka: kasi na kimo cha sauti vimefungwa pamoja. Mkanda ukienda nusu ya kasi, sauti hushuka oktavu moja na muda wake huongezeka mara mbili. Mtunzi aliyetaka mlio mrefu alipata pia mlio mzito, apende asipende. Sifa nyingi za muziki wa miaka ile, ngurumo zake na milio yake kama ya ndege, zilitokana na kifungo hicho kuliko hiari ya watunzi.

Mwishoni mwa mwaka 1952 Karlheinz Stockhausen, Mjerumani mwenye miaka 24, alipewa nafasi katika studio ya Schaeffer. Alirekodi nyuzi nene za piano zikigongwa kwa chuma, akachukua vipande vya rekodi hizo na kuvikatakata kwa vipimo vya hesabu aliyoipanga karatasini kabla ya kugusa mkanda. Mkanda ulikwenda sentimita 76 kwa sekunde, hivyo kipande cha sentimita moja kilikuwa sawa na sekunde 0.013. Kazi ya wiki nyingi ilitoa muziki wa dakika tatu na ushei, ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa umepotea. Stockhausen hakuridhika. Uzi, hata ukikatwa namna gani, ulikuja na tabia zake, na yeye alitaka sauti asiyokuwa nayo mtu mwingine yeyote. Alirudi Cologne na kuanza kujenga sauti kutokana na mitetemo mitupu ya umeme. Toka hapo kambi mbili zilisimama zikitazamana kwa ukali: Paris iliyoanzia kwenye kitu kilichorekodiwa, na Cologne iliyoanzia kwenye umeme. Ugomvi huo ulidumu miaka michache tu, maana Stockhausen mwenyewe aliichanganya sauti ya mtoto iliyorekodiwa na sauti za umeme kufikia mwaka 1956.

New York haikuwa na kambi. Vladimir Ussachevsky, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyezaliwa Manchuria na wazazi wa Kirusi, alipata mashine ya kurekodi kwa ajili ya idara yake na kuanza kuijaribu kwa piano. Mhandisi kijana, Peter Mauzey, alimtengenezea kifaa cha kuirudisha sauti ndani ya mashine ili ijirudie kama mwangwi. Tarehe 28 Oktoba 1952, yeye na Otto Luening walionyesha kazi zao katika jumba la sanaa za kisasa la jiji hilo. Luening alitumia filimbi. Ussachevsky alitumia piano iliyoshushwa hadi ikawa na sauti za chini kuliko kibodi yoyote. Muziki wake ni mpole kuliko wa Paris, na unamruhusu msikilizaji aitambue piano, kisha aipoteze, kisha aitambue tena. Katika hilo aliutangulia wakati wake.

Tungo iliyoonyesha kwa ukamilifu kile ambacho mkanda ungeweza kukifanyia fidla ilitoka Paris miaka kumi na zaidi baadaye. Bernard Parmegiani, fundi sauti aliyejiunga na kundi la Schaeffer, alimrekodi mpiga fidla Devy Erlih akitoa sauti chache fupi, akazitumia kutengeneza kazi nzima iitwayo Violostries, ya mwaka 1964. Jukwaani Erlih alipiga fidla yake huku spika zikitoa mkanda uliotokana na fidla hiyo hiyo. Upinde una tabia ya pekee inayoutofautisha na kidole: hautoi pigo moja na kuondoka, bali unaunasa uzi na kuuachia mamia ya mara kwa sekunde. Pigo na mlio vimefumwa pamoja, na kisu cha Schaeffer hakipati pa kuingia kwa urahisi. Parmegiani alilishughulikia hilo kwa kurundika: tabaka juu ya tabaka za mikwaruzo mifupi hadi fidla moja ikawa kundi kubwa lisilohesabika.

Steve Reich, huko Marekani, alishika njia nyingine. Katika Violin Phase ya mwaka 1967 hakukata wala kugeuza chochote. Mpiga fidla anarekodi sentensi fupi ya muziki ikijirudia, kisha anapiga sentensi hiyo hiyo juu ya rekodi yake, akiongeza kasi kidogo kidogo hadi atangulie noti moja, na tena, na tena. Katika mwachano huo sikio huanza kusikia nyimbo ambazo hakuna aliyezipiga. Mkanda hapa haukuibadili sauti ya fidla hata chembe. Uliigeuza tu kuwa mwenzi asiyechoka. Inafaa kukumbuka kwamba Reich alikuwa amesoma maandiko ya A. M. Jones kuhusu midundo ya Afrika, na mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma.

Wakati watunzi wa studio wakifanya kila njia kuificha ala, viwanda vilitaka kinyume chake. Mellotron, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1963 kwa kufuata ubunifu wa Mmarekani Harry Chamberlin, ilikuwa kibodi yenye ukanda wa sauti chini ya kila kitufe. Kitufe kikibonyezwa, ukanda huanza kwenda na fidla zilizorekodiwa hulia. Baada ya sekunde nane hivi ukanda hufika mwisho na sauti hukatika. Kila noti ilianza na pigo lake la asili. Lakini kanda zilivutika, mota ziliyumba, na fidla hizo zikawa na mtikisiko wa ajabu ambao bendi za roki za miaka ya mwisho ya 1960 zilizipendea huo huo. Kilichokusudiwa kuwa nakala kikawa ala mpya.

Kompyuta iliuondoa wembe, na kwanza ikaonekana kama itauondoa hata uzi. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alexander Strong walichapisha njia rahisi kupindukia: kelele fupi huingizwa katika kitanzi cha kumbukumbu, na kila mzunguko kompyuta hupiga wastani wa namba mbili zinazofuatana. Wastani huo hulainisha mawimbi, sauti za juu hufa mapema, ya msingi hudumu, na kinachosikika ni uzi uliovutwa. Pigo ni ile kelele ya mwanzo. Mlio ni kitanzi. Watafiti hao wawili walikuwa wameandika kwa hesabu kile ambacho Schaeffer alikigundua kwa sindano.

Rekodi, hata hivyo, hazikuachwa, na sababu ni kwamba kompyuta ilivunja kile kifungo cha kasi na kimo. Mwanafizikia Dennis Gabor alikuwa amependekeza katika miaka ya 1940 kwamba sauti yoyote inaweza kutazamwa kama mkusanyiko wa punje ndogo. Iannis Xenakis alilichukua wazo hilo katika muziki, Curtis Roads akalifikisha kwenye kompyuta katikati ya miaka ya 1970, na Barry Truax wa Kanada akaliwezesha kufanyika papo hapo kufikia mwaka 1986. Rekodi husagwa kuwa vipande vya kati ya sehemu moja na mia moja za elfu za sekunde. Kila kipande hulainishwa kingo, kisha vyote humwagwa upya kwa mpangilio mwingine. Punje zikirudiwa mahali pale pale, mlio wa uzi husimama katika nukta moja ya maisha yake, kwa dakika nzima, bila kushuka kimo. Zikichukuliwa kutoka kwenye pigo peke yake, hupatikana wingu la mikwaruzo lisilo na wimbo. Mtunzi sasa angeweza kuingia ndani ya pigo na kukaa humo, jambo ambalo wembe haukuliruhusu kamwe.

Mwisho wa miaka ya 1990 kompyuta za mkononi zilipata nguvu ya kutosha kufanya kazi hiyo jukwaani, na programu kama Max na Pure Data, zote zikitokana na kazi ya Miller Puckette, zilimpa mtunzi binafsi kile ambacho zamani kilihitaji taasisi ya serikali. Matokeo yanayokumbukwa zaidi ni albamu ya Mwaustria Christian Fennesz ya mwaka 2001, Endless Summer, iliyotolewa na lebo ya Mego ya Vienna. Humo gitaa linasikika waziwazi, likipigwa kwa utulivu, halafu linameguka: mapigo yanachanika, milio inaganda, kelele za kidijiti zinalifunika kisha zinaliachia. Fennesz hakuwaficha wasikilizaji kilichorekodiwa. Alichokitafuta ni mpaka wenyewe, pale ambapo sikio linasema ni gitaa na papo hapo linasita. Muziki huo ni mtamu, na utamu wake uliwaondolea wengi dhana kwamba majaribio ya sauti lazima yawe adhabu kwa msikilizaji.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia mlango mwingine, kwa kuwa ilirekodiwa kabla haijapata vyombo vya kuzichezea rekodi zake. Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, wakiandamana na udi na fidla. Hugh Tracey alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi zeze, nyatiti na aina nyingine za nyuzi, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini. Rekodi hizo zimekuwa malighafi ya watayarishaji wa muziki wa elektroniki wa nje kwa miaka mingi, mara nyingi bila wapigaji wala jamaa zao kupata habari. Rekodi ya mwaka 1950 ya wimbo wa Wakipsigis uitwao Chemirocha, unaoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong, ilirudishwa kwa watu wa eneo hilo katika miaka ya 2010 tu, baadhi ya waimbaji wakiwa bado hai. Nakala ingepaswa kuwafikia miongo mingi kabla ya hapo.

Jijini Dar es Salaam, vijana hawakuingoja maktaba. Katika sherehe za mitaani ziitwazo vigodoro, huko Manzese na Tandale, ma-DJ wa miaka ya 2000 walichukua vipande vya ala vya taarabu, wakavifunga vitanzi, wakavipandishia kasi, na waghani wakaghani juu yake. Singeli ikazaliwa, ikienda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa haki, taarabu iliyokatwa ilikuwa zaidi ile ya kisasa, ambayo tayari imebadilisha udi na ganuni kwa vinanda vya umeme, hivyo nyuzi za kweli ndani yake ni haba. Lakini mbinu ni ile ile ya mfereji uliofungwa, na iligunduliwa upya uswahilini kwa mahitaji ya ngoma. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Mburahati, na wasikilizaji wengi wa muziki wa majaribio wa Ulaya wakaisikia singeli kwa mara ya kwanza.

Nyuzi zenyewe zilipata nafasi katika Assembly, albamu ambayo Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo na mwalimu wa Bagamoyo, aliitengeneza na Mkanada Michael Brook muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 2003. Siku hizi ala za nyuzi kama orutu na nyatiti zinaingia studio za Nairobi pamoja na kompyuta, na hapo mbinu ya Paris inakutana na ala zisizotaka kuifuata. Katika piano, kelele ya pigo ni kitu cha kupunguzwa, na fundi wa piano hutumia maisha yake kuipunguza. Katika nyatiti ni sehemu ya muziki. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigongesha kwenye ala kushika mdundo. Njuga hulia mguuni. Nyuzi za chini zimetegwa makusudi zivume kwa mkwaruzo. Ukikata kichwa cha mlio huo, umetupa ngoma nzima na kubaki na nusu ya mpigaji. Hata uwekaji wa maikrofoni hubadilika: moja karibu na ngozi ya ala hupata nyuzi, nyingine karibu na mguu hupata pete na njuga, na mtayarishaji mwenye rekodi hizo mbili kando kando anaweza kuurefusha mlio wa nyuzi bila kugusa mdundo wa mguu unaoubeba.